Tulienda Kampala Kutazama Tu

Mwezi uliopita tuliahidi kuwaletea habari za safari yetu. Haya, leo tunatimiza.

Sote tunajua kwamba kwetu sisi wakimbizi, Kampala ni mji wa kwenda na bahasha mkononi. Unakwenda kwa sababu ya karatasi, au ugonjwa, au umeitwa mahojiano. Ukifika unakaa kwenye benchi, ukimaliza unatafuta basi la kurudi. Wengine wetu tumefika huko mara mbili, mara tatu, lakini mtoto akiuliza, "Mama, Kampala ikoje?" hatuna la kumjibu ila kusema watu ni wengi. Jambo hili lilituuma. Tukasema, safari hii twende kama watu wengine wanavyokwenda, kutazama tu.

Tulichanga kidogo kidogo kwa miezi sita. Tulikuwa watu tisa wa nyumba tatu, wakubwa watano na watoto wanne. Kati yetu alikuwemo mama mmoja fundi cherehani, ambaye wengi mnamjua kwa sare za shule anazoshona. Yeye alikuwa na lake moyoni. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023 amekuwa akisema atahamia Kampala na watoto wake, maana cherehani haichagui mahali. Alitaka auone mji kwanza ndipo aamue. Tukamwambia, sawa dada, tutatazama wote.

Tulitoka Lobule mchana, tukapitia Koboko, jioni tukawa Ediofe. Mnaojua Ediofe mnajua kwamba ni karibu tu na Arua mjini, na kwamba Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Arua liko pale. Rafiki zetu walitupokea, tukalala kwao chini kwenye mikeka, lakini nani alipata usingizi? Watoto waliongea usiku kucha. Saa kumi za usiku tuko macho, saa kumi na mbili asubuhi tuko ndani ya basi.

Tulichagua basi la mchana kwa makusudi, ingawa wengi wanapenda la usiku. Tulitaka watoto waone njia. Baada ya Nebbi barabara inateremka hadi Pakwach, na hapo ndipo tulipovuka mto Nile. Mtoto mmoja wa miaka saba akauliza, "Huu ndio ule wa kwenye kitabu?" Tukamjibu ndio wenyewe, unaanzia Jinja huko ziwani, unapita hapa, unaingia Sudan Kusini, na unafika mpaka Misri. Akanyamaza muda mrefu akitazama maji. Akina mama walikuja madirishani na samaki wakavu wanaoitwa angara, tukanunua. Mbele ya daraja barabara inapita kando ya hifadhi ya Murchison. Tembo hatukuwaona, tuliona nyani tu wamekaa barabarani kama wanangoja basi.

Karuma tulivuka Nile mara ya pili. Hapo maji hayana utulivu wa Pakwach, yanapiga mawe na kutoa povu jeupe. Daraja hili la zamani lilifungwa miezi mitatu hivi mwishoni mwa 2024 likifanyiwa matengenezo, na watu wa West Nile tukapata taabu ya kuzunguka. Kwenye kizuizi cha polisi abiria waliombwa vitambulisho. Tulitoa vyetu, vikaangaliwa, vikarudishwa, basi likaendelea. Hilo nalo tunaliandika, kwa sababu wapo kambini wanaoogopa safari kwa ajili hiyo tu.

Saa tisa alasiri tukaingia Kampala. Jamani, watu! Boda-boda zinapita kila upande, teksi zinapiga honi bila sababu. Wenyeji wetu, Wakongo wenzetu wanaoishi Katwe, walitupokea na kutupitisha Arua Park kwanza. Hapo tulicheka sana. Umesafiri kutwa nzima kuiacha Arua, unashuka Kampala unakutana na Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Wasudani na Kiswahili chetu kilekile! Mzee mmoja akatuuliza, "Nyinyi mumetoka Ariwara?" Tukamwambia tumetoka Koboko. Akasema, "Basi ni nyumbani."

Siku ya pili asubuhi tulikula chapati iliyoviringwa na mayai, ile wanayoiita rolex, kisha tukapanda mlima wa Old Kampala. Kampala ni mji wa milima, na kila mlima una jambo lake. Namirembe kuna kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga la Wakatoliki, Mengo ni serikali ya Kabaka, Makerere ni chuo kikuu. Hapa Old Kampala ndipo Mwingereza Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890, na ndipo ulipo Msikiti wa Taifa. Idi Amin ndiye aliyeanzisha kazi ya msikiti huo mwaka 1972. Yeye alikuwa Mkakwa, kabila moja na wenyeji wetu wa Koboko. Alipoanguka mwaka 1979 kazi ilikuwa haijaisha, ikalala miaka mingi, na ikakamilishwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Muammar Gaddafi wa Libya. Mlangoni akina mama walipewa nguo za kujifunga na mitandio. Mwongozaji alituonyesha zulia lililotoka Libya, kisha akagusa mlango akasema, "Mbao hizi zimetoka Kongo." Watoto wetu wakakimbia kuushika mlango mmoja mmoja.

Sasa, mnara. Una ngazi zaidi ya 300, na zinazunguka mpaka kichwa kinazunguka nacho. Wawili wetu walikaa chini kwa sababu ya magoti. Fundi wetu alipanda. Tulipofika juu tukaona mji wote, mabati, minara ya makanisa, barabara zinazotoka pande zote kama mishipa, na mbali kabisa mstari wa ziwa Victoria. Sote tulikuwa tunaonyeshana vidole, lakini yeye alikuwa kimya anatazama chini, karibu karibu.

Kisha akasema, "Mlima huu mimi naujua. Nilifika hapa nilipotoka Ituri."

Wengine wenu mnafahamu kwamba kwa miaka mingi waomba hifadhi walioingia Kampala waliandikishwa kwenye kituo cha polisi cha Old Kampala. Ndipo yeye alipoanzia, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, kabla ya kumfuata dada yake Lobule. Akasema siku zile alipita mara nyingi chini ya msikiti huu, na hakumbuki kama una mnara. "Nilikuwa naangalia miguu ya watoto wasinipotee." Hatukuongeza neno. Mwanawe mkubwa, yule aliyeshikwa mkono siku zile na sasa ni kijana wa sekondari, akamshika bega mpaka tukaanza kushuka.

Mchana tulikwenda Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka. Nyumba kubwa ya nyasi pale ilijengwa mwaka 1882, ikiwa jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza, na ndani wamezikwa Makabaka wanne. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Machi 2010 ikateketea kwa moto, na Waganda walilia kama waliofiwa. Wakaijenga tena kwa mafundi wa ukoo wa Ngeye, ambao tangu zamani ndio waezekaji, na kwa pete 52 za ndani ya paa kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Ilichukua miaka zaidi ya kumi, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sisi tuliitazama kutoka uani. Mzee mmoja wetu, ambaye nyumba yake iliungua kule kwetu, aliuliza maswali mengi kuhusu nyasi, wanazikata wapi, wanazifunga vipi, paa linakaa miaka mingapi. Alitaka kujua kazi.

Jioni tulipiga picha kwenye Sanamu ya Uhuru, kazi ya Mkenya Gregory Maloba kwa ajili ya uhuru wa 1962. Ni mama aliyefungwa mwili kwa vitambaa, naye amemwinua mtoto juu. Watoto wetu wote wanne walitaka kuinuliwa hivyohivyo. Migongo yetu inakumbuka!

Siku ya tatu ilikuwa ya fundi. Tulimsindikiza Katwe kuuliza vyumba. Chumba kimoja, choo cha wote, walimtajia laki moja na nusu kwa mwezi, na miezi mitatu ulipe kwanza. Wenyeji wetu walimweleza bila kumficha kwamba maji unanunua, na mkimbizi anayekaa mjini kwa kawaida anajitegemea kwa kila kitu. Wakamwambia pia kwamba wateja wapo, na shule zipo. Alipiga hesabu kwenye karatasi ya sukari. Halafu akatuomba tumpeleke Kikuubo, kule kwa bei za jumla, akanunua zipu, vifungo na nyuzi kwa pesa aliyokuwa ameweka ya chumba. "Mwaka huu nitashona Lobule," akasema. "Mwakani nitaangalia tena." Mwanawe hakufurahi, na hatutaficha. Yeye anasema akimaliza shule atarudi Kampala. Mama akamjibu, "Utarudi, lakini na cheti chako."

Kwa mtakaopenda kwenda, tunashauri haya. Bebeni kitambulisho cha mkimbizi, kwani sheria ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea nchini, lakini kitambulisho ndicho kinachokusemea njiani. Pesa msiweke mfuko wa nyuma. Akina mama mvae sketi ndefu au mbebe kitenge, kitawafaa msikitini na Kasubi. Bei ya boda-boda mpatane kabla ya kupanda. Na muwe na mwenyeji anayewangoja.

Tulirudi na basi la usiku. Alfajiri tulikuwa tena Ediofe, tumechoka, miguu imevimba, mfukoni hamna kitu. Rafiki zetu walitupa chai, wakauliza Kampala ikoje. Yule mtoto wa miaka saba akaanza kuwaeleza, na chai ikapoa hajamaliza.

Ni hayo tu kwa mwezi huu, wapendwa. Wenye safari zao nao watuletee habari. Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.