Uhamisho Ukija: Mbarara au Fort Portal?

Kazi ya jeshi na polisi haina makao ya kudumu. Leo askari yu Gulu, mwakani yu Moroto, na kabla hajazoea maji ya huko barua nyingine ya uhamisho imemfikia. Lakini watoto hawawezi kubadili shule kila mwaka, wala mama wa nyumba hawezi kufunga genge lake na kulifungua upya kila barua inapoletwa. Kwa hiyo familia nyingi huchagua mji mmoja, zikanunua kiwanja hapo na kukaa, naye mwenye gwanda akazunguka nchi na kurudi wakati wa likizo.

Katika mazungumzo ya namna hiyo, miji miwili ya magharibi ya Uganda hutajwa mara kwa mara: Mbarara na Fort Portal. Yote miwili ilipewa hadhi ya jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020. Mimi nimekaa katika miji yote miwili kwa kazi ya Serikali, na nimesikia watu wakibishana juu yake katika mabasi, makantini na misiba. Mara nyingi mabishano hayo huwa juu ya hali ya hewa na uzuri wa vilima. Makusudi ya makala haya ni kuipima miji hiyo kwa kipimo kingine: je, inamfaa vipi yule anayebaki nyumbani?

MBARARA, NJIA PANDA

Mbarara uko kadiri ya kilomita 270 kusini-magharibi ya Kampala, katika nchi ya nyasi na vilima ya Ankole, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Huo ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Kampala ikifika hapo hugawanyika: moja huenda Kabale hadi mpaka wa Rwanda huko Katuna, nyingine hupita Ishaka kuelekea Kasese na Kongo, ya tatu hushuka Isingiro mpaka Kikagati, ambako mto Kagera hututenga na Tanzania. Malori hupita mchana na usiku, na palipo na malori pana biashara.

Mali ya asili ya nchi hiyo ni ng'ombe. Alfajiri utawaona vijana wakileta maziwa kwa madebe juu ya baiskeli na pikipiki. Maziwa hayo hupozwa, kisha hupelekwa Kampala kwa malori ya tangi. Mama mwenye mtaji mdogo hakosi la kufanya. Atauza maziwa mabichi, au samli, au maziwa ya mgando yaitwayo bongo. Tena kuna wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, ambao kila siku wanahitaji chumba cha kupanga na sahani ya chakula.

Lugha pia haimtupi mgeni. Katika wilaya jirani ya Isingiro kuna makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndani yake wamo watu waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo. Wengi wao hufanya biashara na Mbarara, hivyo Kiswahili husikika sokoni. Mke wa askari aliyetoka Arua au Soroti, asiyejua Kinyankole, aweza kununua na kuuza tangu siku ya kwanza.

Wazee wa mji huo hawajasahau Februari 1979, wakati wa vita vilivyomwondoa Idi Amin, majeshi ya Tanzania yalipouteka mji na majengo mengi kuvunjwa. Sehemu kubwa ya mji unaoonekana leo imejengwa baada ya hapo. Jambo hilo yafaa wenye silaha walikumbuke, kwa kuwa mji waweza kubomolewa kwa siku chache, bali kuujenga huchukua umri wa mtu.

Ila kila chenye faida kina gharama yake. Hesabu ya watu ya mwaka 2014 iliwakuta Mbarara watu wapatao 195,000, wakati Fort Portal walikuwa wapatao 54,000, kabla mipaka ya miji yote miwili haijapanuliwa. Wingi huo wa watu, pamoja na wanafunzi na wafanyabiashara, umepandisha kodi za nyumba na bei za viwanja. Anayetaka nafasi ya kulima mboga nyuma ya nyumba yampasa aende mbali na katikati ya mji, na kila safari ya sokoni itakuwa nauli ya bodaboda.

BARABARA YA KATI

Kutoka Mbarara hadi Fort Portal kuna njia mbili. Iliyo fupi hupita Ibanda na Kamwenge. Zamani ilikuwa ya vumbi na matope, na sasa ina lami. Njia ya pili hupita Ishaka, ikashuka bondeni katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, ikavuka mfereji wa Kazinga kwa daraja la Katunguru, kisha mstari wa ikweta, hata Kasese. Hapo joto ni kali. Kutoka Kasese gari hupanda kuelekea kaskazini, milima ya Rwenzori ikiwa mkono wa kushoto, na katikati ya safari hiyo kipo kiwanda cha saruji cha Hima. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa, na mashamba ya chai huanza kuonekana pande zote mbili.

FORT PORTAL, CHINI YA MLIMA

Jina la mji huu latokana na ngome iliyojengwa katika miaka ya 1890 kuulinda ufalme wa Tooro dhidi ya majeshi ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Ngome hiyo ilipewa jina la Sir Gerald Portal, mjumbe wa Serikali ya Uingereza. Hata leo jumba la mfalme wa Tooro liko juu ya kilima na laonekana toka mbali.

Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mvua ni nyingi kuliko ya Mbarara, na udongo wa volkano ni mweusi na wenye rutuba. Ndizi, maharage, viazi na mboga hustawi. Familia yenye bustani ndogo hununua sokoni chumvi, sabuni, mafuta na nyama. Mengine hutoka shambani. Kwa mtu wa mshahara mmoja hilo si jambo dogo. Blanketi nzito na sweta za watoto, hata hivyo, ni lazima, na nguo hukawia kukauka katika miezi ya mvua.

Wenyeji wa Tooro wana desturi iitwayo empaako. Kila mtu, pamoja na jina lake, hupewa jina la heshima na mapenzi, kama Amooti, Akiiki, Abwoli au Araali, na salamu haikamiliki pasipo jina hilo. Mwaka 2013 UNESCO iliitia desturi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mgeni pia aweza kupewa empaako. Mwanamke aliyehamia na watoto, mume wake akiwa kazini mbali, akishaitwa Abwoli na jirani zake, huwa amepata watu wa kumgongea mlango akiugua. Ulinzi wa namna hiyo hauuzwi dukani.

Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kazi za fedha taslimu si nyingi Fort Portal. Tegemeo kubwa ni chai, na chai ina mwenyewe naye ni soko la dunia: katika miaka ya 2023 na 2024 bei ya majani mabichi ilianguka vibaya, wakulima wengi wakaumia. Tegemeo la pili ni watalii wanaokuja kutazama sokwe wa msitu wa Kibale na maziwa yaliyo katika vinywa vya volkano za kale, likiwemo ziwa Nyinambuga lililochorwa katika noti ya shilingi 20,000 ya mwaka 2010. Watalii ni riziki njema, ila ni riziki ya msimu. Ugonjwa wa mlipuko au habari ya vita ng'ambo ya mpaka yatosha kuwarudisha kwao.

Tena ardhi ya hapo hutikisika. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi za Tooro, na lingine lilikuja tarehe 5 Februari 1994. Anayejenga Fort Portal asibanie msingi, na juu ya milango na madirisha azungushe ukanda wa zege lenye nondo. Gharama hiyo iingie katika hesabu tangu mwanzo.

SHULE NA HOSPITALI

Kwa shule, miji yote miwili ina sifa ya zamani. Mbarara ina Ntare School, iliyofunguliwa 1956, ambako Rais Yoweri Museveni wa Uganda na Rais Paul Kagame wa Rwanda walisoma. Karibu na Fort Portal ipo Nyakasura School, iliyofunguliwa 1926 na aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Wavulana wake wanajulikana kwa kuvaa sketi za Kiskoti. Mzazi mwenye watoto wadogo hatapungukiwa katika mji wowote kati ya hiyo, mradi awe na karo.

Tofauti yaonekana zaidi katika matibabu. Fort Portal ina hospitali ya rufaa ya Buhinga, na hospitali za makanisa za Virika na Kabarole. Kwa homa, uzazi na mifupa iliyovunjika hizo zatosha. Hospitali ya rufaa ya Mbarara ndiyo inayotumiwa na chuo kikuu kufundishia madaktari, na kwa sababu hiyo ina mabingwa wengi zaidi. Familia yenye mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, anayepaswa kuonwa na bingwa kila mwezi, isidanganywe na baridi nzuri ya mlimani. Nauli za kwenda na kurudi zitamaliza alichookoa mama bustanini.

MAJI NA HATI

Mbarara hutegemea mto Rwizi. Mabwawa na matete yaliyokuwa yakiulinda mto huo yamelimwa na kujengwa, kingo zimekatwa, na wakati wa kiangazi mto hupungua sana. Ndiyo sababu ukabuniwa mradi wa kuvuta maji toka mto Kagera. Anayejenga huko aweke tangi la kukinga maji ya mvua kabla ya kufikiria rangi ya ukuta. Fort Portal hupata maji toka mto Mpanga, nao pia una wanaolima kwenye kingo zake, ingawa mvua nyingi bado zinausaidia.

Kuhusu ardhi, shauri ni moja kwa miji yote miwili. Panga nyumba kwanza, ukae mwaka mzima, uone masika na kiangazi. Kisha hakikisha hati katika ofisi ya ardhi, usitosheke na maneno ya dalali. Na jina la anayebaki nyumbani liandikwe katika mkataba pamoja na lako. Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho yake, hukataza kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mke au mume. Askari ni mtu wa hatari. Siku akikosa kurudi, karatasi yenye majina mawili itawatetea watoto kuliko hotuba za mazishini.

NENO LA MWISHO

Basi, tuchague upi? Ikiwa anayebaki nyumbani ni mtu wa biashara, au nyumbani kuna mgonjwa wa kuonwa na mabingwa, Mbarara ndiyo yenu, pamoja na kelele zake na kodi zake. Ikiwa anayebaki anapenda jembe, watoto ni wadogo, na mwenye gwanda yu karibu na kustaafu kwa pensheni ya kadiri, Fort Portal itawalisha kwa fedha chache na majirani watawajua kwa majina.

Kabla ya kuamua, baba na mama wakae chini na daftari, waandike siku moja ya kawaida ya yule atakayebaki: atateka maji wapi, atauza nini, mtoto atatembea umbali gani kwenda shule, na usiku akiugua nani atamchukua hospitali. Mji unaojibu maswali hayo manne vizuri ndio wa kununua kiwanja, hata kama mwenzake una mlima mzuri zaidi au maduka makubwa zaidi.