Mpunga wa Igawa na Bei ya Kuruka Angani

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, ndugu msomaji, ukishaipita Makambako utaona barabara inateremka. Baridi inakuacha, koti linageuka mzigo, na upande wako wa kulia linakunjuka bonde la Usangu, pana na la majimaji. Mara unavuka daraja la mto Mbarali, nawe umefika Igawa. Hapa ndipo mkoa wa Iringa ulipokuwa ukikoma na Mbeya kuanza, mpaka mwaka 2012 ulipozaliwa mkoa wa Njombe. Abiria wengi hawateremki. Hununulia dirishani, wakaenda zao.

Mimi niliteremka kwa kuwa basi letu lilipata pancha. Mama mmoja auzaye mchele akanikaribisha kwenye kivuli cha kibanda chake, akanipa kigoda, na tulipokwisha kuamkiana akauliza:

"Mwanangu, wewe utokaye mjini, mtu akitaka kujifunza kuendesha ndege hutoa kiasi gani?"

Kijana wake wa kidato cha nne alikuwa amesimama nyuma yake, akijifanya hasikii.

Usicheke, msomaji. Swali hilo lina asili yake hapo hapo. Mashamba ya Mbarali, likiwamo lile kubwa lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China, yana adui aitwaye kwelea kwelea, ambaye huja kwa makundi yasiyohesabika. Miaka mingine serikali huleta ndege ya kunyunyizia dawa. Kwa lugha yetu, alaye mpunga ni ndege, na imwuayo pia ni ndege! Kijana aliiona ikipita chini chini juu ya bonde wakati wa magharibi, na tangu siku hiyo hana neno jingine.

Nikaigeuza tikiti yangu, nikaandika hesabu. Leseni ya rubani wa biashara, kwa kanuni za kimataifa, yataka saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyesoma kozi moja mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Tuseme saa moja katika ndege ndogo yenye injini moja ni dola 200. Saa 200 ni dola 40,000. Dola tukiikadiria kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi milioni 100. Gunia la mpunga tukilikadiria kwa shilingi laki moja, ni gunia 1,000. Yaani, kwa gunia 25 kila ekari, mavuno ya ekari 40. Bado nauli, chakula, malazi na ada za mitihani.

Mama akanyamaza. Ana ekari mbili.

"Basi huyo mwalimu wake ni tajiri mkubwa," akasema kijana.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Fedha nyingi za mwanafunzi humezwa na ndege yenyewe: lita zipatazo 30 za petroli maalumu kila saa, bima, ukaguzi wa fundi kila baada ya saa 100, na akiba ya kuifumua injini ifikishapo kama saa 2,000. Mwalimu hupata kipande tu, na aghalabu hulipwa kwa saa aliyoruka. Mvua ikinyesha, au ndege ikiwa karakana, siku hiyo hakuna ujira. Wengi wao ni marubani vijana wanaokusanya saa. Huko Marekani, tangu mwaka 2013, rubani msaidizi wa shirika la abiria hana budi kuwa na saa 1,500, isipokuwa wachache wanaopunguziwa kwa mafunzo yao. Kwa hiyo kijana hukubali ujira mdogo, kwa sababu kila saa anayomfundisha mwenzake huhesabiwa kuwa yake pia. Saa zikitimia, huaga.

Nikawasimulia pia juu ya Soroti, Uganda, ambako mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani kwa ajili ya nchi zote tatu. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, chuo kikabaki Uganda. Siku hizi Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, nacho kimeingia katika kazi hiyo, na pia kinafundisha ufundi wa ndege, ambao haudai saa hata moja ya kuruka. Kwa maoni yangu, mwenye ekari mbili na aanzie kwenye mlango huo. Asiuze shamba.

"Fundi naye hupanda?" kijana akauliza.

Nikamwambia hupanda mara moja moja, na kwamba rubani haondoki mpaka fundi atie sahihi.

Dereva akapiga honi. Mama akanipimia kilo mbili za mchele, akakataa fedha, akaiomba ile tikiti. Nilipotazama nyuma kutoka dirishani, kijana alikuwa ameishika, akizirudia zile hesabu kwa kidole.