MKONO UTASEMA: SOMO KUTOKA MASHINDANO YA VIJANA CHINI YA MIAKA 17



Ndugu yangu katika imani, leo nitazungumza nawe kuhusu mpira. Najua wapo watakaosema, "Ustadhi naye kaanza habari za viwanjani." Soma mpaka mwisho. Mada hasa ni ushahidi wa uongo, na mlango wake mmoja mkubwa siku hizi uko kwenye soka la vijana.

Unakumbuka Aprili 2019, Afrika ilipokuja Dar es Salaam kwa fainali za vijana chini ya miaka 17? Vijana wetu wa Serengeti Boys walifungwa mechi zote tatu, tukaumia. Fainali ilikuwa Cameroon na Guinea, na Cameroon wakachukua kombe kwa mikwaju ya penalti. Guinea, kwa kufika hapo, walikuwa wamekwishapata tiketi ya Kombe la Dunia la vijana nchini Brazil.

Baada ya mashindano likaibuka jambo. Wachezaji wawili wa Guinea walionekana kuwa na tarehe moja ya kuzaliwa kwenye mashindano yaliyofanyika Japani mwaka 2017, na tarehe nyingine kwenye mashindano ya Dar es Salaam. Shirikisho la soka Afrika likaiondoa Guinea, na Senegal ndiyo iliyokwenda Brazil.

Sasa tulia ufikiri. Kikosi kina vijana wengi. Wapo waliotoka jasho kihalali, mama zao wakiwaombea dua usiku. Karatasi zenye tarehe mbili zikawafungia safari wote. Hiyo ndiyo tabia ya uongo: anausema mmoja, wanaulipia wengi.

Na sisi Watanzania tusiwanyooshee kidole. Mwaka 2005 tulifuzu fainali za Gambia za umri huo huo, tukaondolewa kwa kumchezesha kijana aliyezidi umri. Mwaka 2017 upepo ukageuka: tulikata rufaa dhidi ya Congo-Brazzaville kuhusu umri wa mchezaji wao, wao wakashindwa kumpeleka kupimwa, nafasi ya kwenda Gabon ikawa yetu. Tukashangilia haki. Basi haki tuliyoishangilia ilipotupa tiketi, tuipende pia inapotunyima.

Ndugu yangu, unajua umri unapimwaje? Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA imetumia kipimo cha MRI kwenye kifundo cha mkono. Kijana anayekua ana tabaka laini la gegedu karibu na ncha ya mfupa, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Ukuaji ukikamilika, tabaka hilo hugeuka mfupa na kuungana kabisa. Likiwa limeungana kabisa, madaktari husema uwezekano wa kijana huyo kuwa chini ya miaka 17 ni mdogo mno. Mwishoni mwa Desemba 2022 Cameroon waliwapima vijana wao kabla ya mechi za kufuzu, na 21 kati ya 30 hawakufaulu kipimo.

Niliposoma habari ile nilikwenda moja kwa moja kwenye Surat Yasin, aya ya 65. Humo imetajwa siku ambayo ulimi hautapewa nafasi ya kujitetea. Mikono itasema, na miguu itakuwa shahidi wa yale mtu aliyoyachuma. Subhanallah! Kinywa kinasema "nina miaka 16," karatasi inasema 16, baba anaapa 16, kisha mkono unaingizwa kwenye mashine na kusema lingine. Ikiwa mashine ya binadamu inaweza kuusemesha mkono, una shaka gani na uwezo wa Aliyeuumba?

Lakini tuwe waadilifu. Miili haikui sawa, na wapo ambao mifupa yao hukomaa mapema. Kutofaulu kipimo hakutoshi kumwita kijana mwongo, basi usichafue jina la mtoto wa mwenzio kwa dhana. Vilevile wapo waliozaliwa vijijini bila cheti, na wazazi wao wanakadiria kwa mvua au msiba uliotokea. Anayekadiria kwa ukweli hana lawama. Mwenye lawama ni yule anayeijua tarehe, kisha akachagua nyingine kwa sababu inalipa.

Na mara nyingi mwenye kuchagua si kijana. Ni mimi na wewe, watu wazima. Sisi walimu wa madrasa tunalijua hili. Mzazi anakuja na maneno matamu: "Ustadhi, mwanangu ana kipaji, niandikie barua kuwa ulimpokea akiwa mdogo, tunapunguza miaka miwili tu." Nilipokataa, mama mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba ninaziba riziki ya mwanawe. Nilimwonea huruma, kwa sababu umasikini wake ni wa kweli. Lakini barua ile ingekuwa ushahidi wangu mbele ya Allah. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimama na uadilifu katika kutoa ushahidi, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi au jamaa zetu. Na Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitaja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa sawasawa na kulirudia neno hilo, mpaka masahaba wakatamani anyamaze.

Tena hiyo "miwili tu" ina mwenyewe. Kikosi kina idadi. Mwanao wa miaka 19 akiingia, kuna mtoto wa miaka 16 anabaki nyumbani, pengine Tandahimba, pengine Pangani, asijue kwa nini jina lake halikusomwa. Hii ni haki ya mja. Utatubu kwa Allah, naam, lakini yule mtoto utampata wapi umwombe radhi?

Hebu tazama mfano wa Abdullah bin Umar (r.a.). Siku ya Uhud alijitokeza akiwa na miaka 14, Mtume (s.a.w.) hakumruhusu. Siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Kwake kuongeza mwaka mmoja ndiko kungemfungulia njia, na alichokitamani kilikuwa kitukufu kuliko kombe lolote. Hakubadilisha umri wake. Alirudi nyumbani, akasubiri mwaka wake ufike. Leo tunamjua kama mmoja wa masahaba waliopokea hadithi nyingi zaidi. Je, kule kusubiri kulimpunguzia nini?

Basi nakuusia mambo matatu.

Kwanza, wewe mzazi: mtoto akizaliwa, andika tarehe na umkatie cheti mapema, kabla hakijawa na faida ya kukupotosha.

Pili, wewe kijana: ukishapita miaka 17, yapo mashindano ya chini ya miaka 20, na ipo timu ya wakubwa. Mlango mmoja ukifungwa kwa haki, usiuvunje. Na jua kuwa umri wa uongo haukuachi uwanjani. Utaubeba kwenye pasi ya kusafiria na kwenye mikataba, na kila swali la "una miaka mingapi?" litakudai uongo mwingine.

Tatu, wewe kocha, kiongozi, daktari, mwalimu: saini yako ni ulimi wako. Mwenye chakula aliyeficha kilicholowa chini ya kikavu, Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono akakuta unyevu, akamkemea na kumweleza kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Usimpange mtu mzima juu ya lundo la watoto.

Aliyekwishafanya, mlango wa tawba uko wazi. Acha, jutia, rekebisha karatasi unayoweza kuirekebisha, na urudishe haki unayoweza kuirudisha.

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu riziki ya halali yenye baraka, utulinde na ushahidi wa uongo, na ujaalie mikono yetu itushuhudilie kheri siku vinywa vitakapofungwa. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Mfikishie ujumbe huu mzazi mwenye kijana anayecheza mpira.