Upinde Una Mwenyewe

Upinde wa Usukumani hutoka katika mti mmoja, hauna gundi wala kiungo. Mti unaofaa kuliko mingine ni mkole, kichaka kinachochipua fimbo nyingi kutoka shina moja, zilizonyooka na zenye nyuzi ndefu ngumu kukatika. Hupatikana katika ngitili, yaani malisho ambayo kaya au kijiji huyafunga wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi. Ngitili nyingi zilitoweka katika karne ya 20, misitu ilipofyekwa kuondoa mbung'o na kupisha mashamba ya pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulizirudisha kwa wingi. Fundi wa pinde analo deni kwa mradi huo, maana mkole ulirudi pamoja na nyasi.

Fundi anayeandika habari hizi alishika tezo kwa mara ya kwanza karibu na Kisesa, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, katika miaka ileile ya kuzuka kwa sungusungu. Ulinzi huo wa jadi ulianza pande za Kahama na Shinyanga mwaka 1981 na 1982, wizi wa ng'ombe ulipowachosha watu, ukaenea upesi Usukumani na Unyamwezini. Silaha yake ilikuwa upinde na mishale, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuutambua. Kwa fundi, habari hii ya dola na vijiji ilikuwa na maana moja ya kila siku: wanaume walikuja uani kwa baba yake mdogo kutaka pinde, wengi kuliko ambavyo mikono miwili ingeweza kuchonga, na kijana akatolewa kwenye kuchunga ng'ombe akapewa tupa.

Baba mdogo hakuwahi kumchongea mtu asiyekuwepo. Mteja alisimamishwa, akanyoosha mikono mbele na kushikilia mshale kati ya viganja, kitako cha mshale kikiwa kifuani. Mshale ulipopita ncha za vidole kidogo, urefu wa mvuto ulikuwa umepatikana. Upinde unaopindika mpaka kwenye kishikio hutakiwa kuwa na urefu usiopungua mara mbili ya mvuto huo, hivyo mtu anayevuta sentimita 70 huhitaji upinde wa sentimita 140 au zaidi. Malipo yalikuwa kuku, mtama au fedha kidogo, kwa kadiri ya mavuno.

Kazi yenyewe ina hatua chache, lakini kila moja inaweza kuharibu zilizotangulia. Fimbo hukatwa kiangazi, maji yakiwa yamepungua mtini. Ncha zake hupakwa mafuta au nta zisikauke haraka na kupasuka, kisha fimbo hulazwa kivulini miezi kadhaa. Upande utakaotazama shabaha huitwa mgongo, na ule unaomtazama mpigaji ni tumbo. Mgongo hauguswi ila kuondolewa gome, kwa sababu upinde unapovutwa mgongo hunyooshwa na tumbo hugandamizwa, na uzi mmoja wa mti uliokatwa mgongoni ndio mlango wa kuvunjikia. Kuchonga kote hufanyika tumboni. Waingereza wa kale walijua hivyo pia: meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, ilikutwa na pinde nzima zaidi ya 130, kila moja ya mti mmoja, weupe wa nje wa mti ukiachwa mgongoni na kiini kikiwa tumboni.

Hatua ngumu ni kusawazisha mikono miwili ya upinde ipindike sawa. Unene una nguvu kuliko upana: upana ukipunguzwa nusu, ugumu hushuka nusu, lakini unene ukipunguzwa nusu, ugumu hushuka mara nane. Ndiyo maana tezo huwekwa chini mapema, ikafuata tupa, na mwisho kipande cha chupa kinachokwangua vumbi tu. Upinde huwekwa kwenye ubao wenye mapengo, huvutwa pengo moja, hutazamwa, hukwanguliwa pale palipokakamaa, huvutwa tena mara 30, ndipo uende pengo la pili. Sehemu inayopinda kupita nyingine haichongwi kabisa. Hupunguzwa zile zinazoizunguka. Mwanafunzi huchukua miaka kulielewa jambo hilo kwa macho, na wapo wasiolielewa kamwe.

Miaka ya 1990 wateja walibadilika. Fundi alichonga kwa ajili ya vikundi vya ngoma vilivyotaka pinde nyepesi za kuchezea, kisha kwa ajili ya wageni waliofika Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Wageni walitaka upinde wa kutundika ukutani. Fundi alijikuta akichonga pinde fupi kwa miti yoyote laini, akizipamba kwa moto na ngozi, huku akijua kwamba zingevunjika zikivutwa. Alilisha watoto kwa pinde hizo na haoni haya kwa hilo. Hata hivyo ni kweli kwamba katika miaka kama 12 hakumpima mtu hata mmoja, na jicho lake la kusawazisha lilififia.

Lililolirudisha ni mchezo wa zawadi. Wapenda pinde wachache, wasioitegemea kazi hiyo kwa chakula, walikubaliana kupeana pinde mara moja kwa mwaka: mwalimu wa Ilemela, muuza nyavu, dereva wa basi, muuguzi, na wengine wa Singida na Arusha. Kila mmoja, fundi akiwamo, aliandika jina, urefu wa mvuto na uzito anaouweza. Karatasi zikakunjwa na kutiwa kofiani, kila mtu akaokota moja. Aliyeokotwa hakuambiwa nani anamchongea. Hakuna fedha iliyopita mkononi.

Jambo hili lina jamaa yake wa zamani katika nchi hii. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wana mchezo uitwao lukuchuko, ambamo vipande vya gome hurushwa kwenye mti na wachezaji hushindania mishale ya chuma yenye sumu na vitu vingine, vikazunguka kambi zote. James Woodburn, mwanaanthropolojia aliyeishi nao, aliandika kwamba upinde wenyewe, mishale ya mti mtupu na mfuko wa ngozi havichezewi. Fundi anaona sababu iko wazi: mshale humfaa yeyote, lakini upinde hufuata mkono wa mtu. Kwa hiyo anayetaka kuutoa kama zawadi hana budi kuuchonga tangu mwanzo kwa ajili ya anayepewa.

Mwaka wa kwanza fundi alikosea. Alimaliza upinde mwezi Aprili, Mwanza ikiwa katikati ya masika na hewa ya ziwa ikiwa nzito, akautuma Singida. Ulipofika kwenye ukavu ule, mti ulipoteza maji, ukawa mgumu na mkavu kupita kiasi. Mshale wa pili uliuvunja kwenye fundo dogo la tumboni. Mwenyewe hakuumia, lakini fundi hakulala vizuri kwa siku kadhaa. Tangu hapo hupima fimbo kila Jumamosi kwa mizani ya kuning'iniza, ya aina ileile inayopimia sangara mwaloni Kirumba. Fimbo haichongwi mpaka uzito wake ubaki vilevile wiki tatu mfululizo, na upinde hukamilishwa kati ya Juni na Agosti. Mizani hiyohiyo huonyesha nguvu ya mvuto: kilo 18 kwa mtu mzima aliyezoea, kilo 10 au 12 kwa anayeanza.

Ugwe wa zamani ni kano za mgongo wa ng'ombe, zilizokaushwa, zikapondwa, zikachambuliwa na kusokotwa zikiwa na unyevu. Bado ni mzuri kiangazi, lakini hulegea mvua ikinyesha. Uzi wa nailoni wa nyavu ni rahisi kupatikana Mwanza, ila hunyumbuka na kumeza nguvu ya upinde. Poliesta hunyumbuka kidogo, na ndiyo inayotumika kwa zawadi.

Upinde husafirishwa ukiwa umelegezwa ugwe, ndani ya bomba la plastiki lililozibwa pande zote, kwa basi kutoka Nyegezi. Ndani huwekwa ugwe wa akiba na karatasi inayotaja mti, ngitili ulikotoka, mwezi uliokatwa, uzito wa mvuto na urefu wa mvuto usiopaswa kupitwa. Mpokeaji huuacha siku saba ndani ya nyumba yake uzoee hewa ya huko, huupaka mafuta, kisha huuvuta nusu mara 20 kabla ya kutia mshale wa kwanza.