Turi na tezo

Vijana wanaoacha masomo kwa kukosa minervali wanakuja kutuuliza sisi walimu, hapa Lubumbashi, ni kazi gani wajifunze. Siku hizi wengine wanakuja na jibu lao: turi, ile mashini ya kuzungusha mbao. Kamusi zinaiita kerezo, lakini ukisema hivyo kwenye atelieri fundi atakuangalia tu. Kuna wazazi wanaolalamika kwamba turi inaua ufundi wa mababu. Sisi tunaona vingine.

Anayeanza asikimbilie mulombwa, ni mbao ya bei. Kipande cha kalibitusi kilichokauka, kisicho na ufa wala fundo, kinatosha. Kwenye kila kichwa anachora mistari miwili toka pembe hata pembe; inapokutana ndiyo kati. Kati ikikosewa, mbao inaruka na mashini yote inatetemeka. Kingo nne anazipunguza mbele. Kile chuma cha kuegemeza patasi kinakaa karibu sana na mbao, halafu anaizungusha kwa mkono kuona kama haigusi popote, ndipo anawasha. Mikono mirefu ya shati, hapana. Hata kravati ya mwalimu inabaki mfukoni.

Kazi yenyewe iko katika sikio. Patasi ya mfereji inalala juu ya mbao bila kukata, kisha mpini unainuliwa pole pole mpaka maranda yaanze kutoka. Yakitoka marefu kama utepe na sauti iko laini, mkono uko vizuri. Kukitoka vumbi na kelele, makali yamekufa: simamisha, noa. Umeme nao ukikatika (na unakatika!), wakati wa kunoa haukosi.

Lakini turi inajua mviringo tu. Mguu wa meza, mchi, bakuli, basi. Lupona, kiti cha wakubwa wa Baluba, ambamo mwanamke anabeba kikalio kwa kichwa na vidole, kinatoka katika gogo moja kwa tezo na kisu. Pua haikerezwi. Viti vya yule fundi mkubwa wa Buli viko mbali: kimoja London, kingine New York tangu 1979. Wanafunzi wetu wanaviona katika picha.

Basi turi imenyang'anya tezo kitu gani? Miguu ya meza, ambayo haikuwa heshima yake. Kinachoua tezo ni kwamba mguu wa meza unauzwa wiki hii hii, na kiti cha kuchonga kinangoja mnunuzi miezi, na kijana ana njaa leo. Kwa hiyo tunawaambia: ule kwa turi, lakini usiuze siku zote sita.

Katika mtaa wetu mchongaji mmoja mzee bado anapokea vijana siku ya posho, asubuhi. Hadai franka. Anaomba tu kila mmoja aje na kisu chake, kimenolewa.