Hesabu Inaanza mu Mikono



Leo ninataka kuandika juu ya somo ile inaogopesha wengi: hesabu. Kila mwaka wandugu wetu wa kalasi ya 8 wanapashwa kuchagua seksio. Mudogo wangu mwanamuke atachagua mwaka huu. Anatamani kuwa munganga, lakini anakimbia seksio ya siansi juu ya hesabu tu. Nikamuuliza: ni nini inakushinda? Akajibu: “Yaya, ile mambo ya tablo, sione iko nini.”

Hapo ndipo shida iko. Hesabu haikuzaliwa ku tablo. Mu mwaka 1950, Mubelgiji mumoja, Jean de Heinzelin, alichimba udongo kule Ishango, pahali muto Semliki unatoka mu Ziwa Edouard, katika Kivu yetu. Akapata mufupa mudogo, urefu wake karibu sentimetre 10, wenye alama za kukatwa kwa safu tatu. Wenye elimu wanasema uko na miaka karibu 20.000. Safu moja iko na alama 11, 13, 17 na 19: jumla ni 60. Safu ingine iko na 11, 21, 19 na 9: tena 60! Wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, hawajapatana. Lakini tunaona wazi kama mutu alishika kitu kwa mukono, akakata alama moja moja. Hakukuwa tablo wala kaye.

Basi kila siku ya posho, mimi na mudogo wangu na warafiki wake tulijaribu mambo haya:

1. Maharagi. Nyeupe ni feza, nyekundu ni deni. Nyeupe moja na nyekundu moja zinaondoana. Weka nyeupe 5 na nyekundu 8: kunabaki nyekundu 3. Ndiyo 5 – 8 = –3. Mama muuzaji wa soko anajua ile tangu zamani.

2. Kamba. Funga mafundo yenye kuacha nafasi 12 sawasawa, unganisha miisho, kiisha vuta pande tatu: 3, 4 na 5. Kati ya 3 na 4 kunatoka pembe kama ile ya kitabu. Mafundi wa kujenga wanapima vile, ili nyumba isipinde. Nyuma ya pale tukaandika: 9 + 16 = 25. Pythagore hakuwa tena mugeni kwetu.

3. Uzi. Zungusha uzi ku sahani, ku sufuria, ku mufuniko wa pipa, kiisha pima upana. Kiwe kidogo, kiwe kikubwa, upana unaingia mu uzi mara 3 na kipande kidogo. Somea 1 Wafalme 7:23, juu ya bahari ya Sulemani: upana mikono 10, kuizunguka mikono 30. Pale wametaja kadiri; uzi wetu unaonyesha kipande kile kimebaki. Ndiyo 3,14.

4. Kivuli. Fimbo ya metre 1 ilitupa kivuli cha sentimetre 80. Saa ileile, kivuli cha muti wa avoka kilikuwa metre 12. Basi muti ni metre 15, na hakuna mutu alipanda!

Wengine watasema: hii ni michezo, programu ni ndefu, na egzamè haiulize maharagi. Ni kweli. Muchezo bila kaye unapotea. Kwa hiyo hatukuachana hata siku moja mbele ya kuandika formile na kufanya mazoezi matano. Lakini formile ilikuja nyuma ya mikono, si mbele yake.

Mudogo wangu hajachagua bado. Lakini posho iliyopita ni yeye alishika kamba na kuonyesha wavulana wawili vile pembe inatoka.

Basi sisi wakubwa wa humanités, kila mumoja wetu achukue wadogo watatu ao wane. Kamba na maharagi haviombe feza mingi. Ni huzuni mutoto kuacha kazi ile Mungu alimuwekea mu moyo, juu ya kuogopa tablo tu.