Tela Lilivyompandisha Konvoyeri Cheo

Nilipokuwa mtoto Luvungi, katika bonde la Ruzizi huku Kongo, konvoyeri, yaani msaidizi wa dereva wa kamyo, alikuwa mtu wa kubebeshwa. Kamyo ikisimama mlimani, yeye ndiye wa kuruka chini na gogo kuzuia tairi. Ikiharibika usiku, yeye ndiye wa kulala chini yake kulinda mzigo, dereva akienda kutafuta ugali na kitanda. Akikosea alitukanwa, na asipokosea alitukanwa vilevile, asije akazoea. Kusema neno juu ya uendeshaji? Thubutu! Dereva alikuwa mkubwa wa gari, na mkubwa hakosolewi na mtu anayesafiri juu ya magunia.

Kamyo zenyewe zililea desturi hiyo. Zilikuwa Benz za pua, kichwa na bodi kwenye chasi moja. Zilishusha bia za Bukavu na kupandisha muhogo, mahindi na mchele wa bonde la Ruzizi. Kutoka bandari ya Kalundu zilichukua samaki na saruji ya upande wa Kalemie, pamoja na bidhaa zilizokuwa zimepanda treni Dar es Salaam na kuvuka ziwa kutoka Kigoma. Kabla ya vita vya 1996 zilibeba pia sukari ya Kiliba. Kamyo ya namna ile, kichwa kikienda, mwili wote unafuata. Dereva mzoefu aliweza kuirudisha nyuma hadi mlangoni mwa duka la Luvungi kwa kutazama kioo kimoja, sigara mdomoni. Alimhitaji konvoyeri kwa mikono yake tu.

Baada ya vita njia ya mzigo ikageuka. Badala ya kungoja meli, wafanyabiashara wa Uvira walianza kuagiza mizigo kwa barabara moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Ilivuka mpaka Kabanga na Kobero, ikapita Bujumbura na Gatumba, ikaingia kwetu Kavimvira. Iliyoileta ni matela, vyombo virefu ambavyo watu wa bonde walikuwa hawajavizoea. Mwaka 2009 tajiri niliyemfanyia kazi Uvira akanunua kichwa na tela vilivyokwisha kutumika Tanzania. Nilikuwa nimeendesha kamyo za kawaida kwa miaka, kwa hiyo funguo nilipewa mimi.

Kichwa kile kilikuwa na usukani wa kulia. Tanzania magari hupita kushoto, kwetu Kongo na Burundi hupita kulia. Maana yake ni kwamba dereva anakaa upande wa mtaro, akiwaona vizuri mbuzi na wauza nyanya, lakini gari linalokuja mbele halioni mpaka awe amekwisha kuchomoza nusu ya kichwa barabarani. Anayeliona ni aliyekaa kushoto. Na aliyekaa kushoto alikuwa konvoyeri, kijana wa Luvungi ambaye hadi siku ile alikuwa akisafiri juu ya magunia. Aliingia ndani ya kabini kwa sababu hapakuwa na namna nyingine.

Kichwa kilikuja na mzee mmoja, dereva mtu wa Kigoma, aliyekubali kubaki hadi tuzoee. Tulitumia uwanja mpana Luvungi, saa za jua kali ambapo hapana mpira. Nilidhani tutaanza na kuendesha. Yeye akazima injini, akatuita wote wawili nyuma ya kichwa.

Pale juu ya ekseli za nyuma kuna sahani nzito ya chuma iliyopakwa grisi nyeusi, yenye mwanya unaotazama nyuma. Chini ya pua ya tela kuna pini nene kama kifundo cha mkono. Kichwa kinarudi taratibu, pua ya tela inapanda juu ya sahani, pini inateleza kwenye mwanya mpaka taya zinaifunga: kwa! Sauti hiyo humfurahisha dereva, na mzee alituonya tusiiamini. Pini inaweza kupiga chuma na taya zisifunge. Alimpa konvoyeri tochi, ijapokuwa ulikuwa mchana, akamlaza chini ya tela aangalie mambo mawili: taya zimeizunguka pini, na hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na tela. Kisha breki za tela zikiwa zimefunga, nikaambiwa nivute mbele kidogo. Lisipochomoka, ndipo mipira ya upepo inaunganishwa, mwekundu na wa njano, kisha waya wa taa, halafu miguu ya tela inapandishwa. Mpira mwekundu ukikatika njiani, tela linajifunga breki lenyewe. Lakini pini ikichomoka, tela limekwisha kukutoka.

“Nani kaona taya?” mzee akauliza.

“Mimi, mzee,” konvoyeri akajibu.

“Basi safari hii ni yako. Huyu hajaona kitu.”

Kijana alicheka kwa woga, akinitazama kama nimekasirika.

Somo la pili lilikuwa kona. Matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya matairi ya mbele, hukata ndani. Ukikunja kuingia sokoni ulivyozoea na Benz, kichwa kinapita salama, kisha mkia unapanda juu ya meza ya mama muuza nyanya. Inabidi uende mbele kuliko moyo unavyotaka, uonekane umepitiliza, ndipo ukate. Hili nilishika upesi, kwa sababu linataka subira tu.

Kurudi nyuma ndiko kulikonitoa jasho. Mzee alipanga madumu ya mafuta matupu yawe mlango, nami niingize mkia katikati. Kwa tela kila kitu ni kinyume: mkia uende kulia, usukani unaanza kushoto, na ukishaanza kukunjika lazima uufuate kabla haujapita kiasi, la sivyo kichwa na tela vinakunjana hadi kabini iguse ubavu. Mzee alinifundisha kushika usukani chini badala ya juu: mkono uende upande unaotaka mkia uende. Hapo akili ikatulia. Lakini mkia ulipokunjia kushoto, kioo cha kulia kilinionyesha uwanja mtupu, na cha kushoto kilikuwa mbali nami, kikionyesha ubavu wa tela na vumbi. Konvoyeri alikuwa nyuma akisema kwa sauti ya kanisani, “Njoo mkubwa, njoo mkubwa,” hata pale dumu lilipokuwa linapondeka.

Mzee akatusimamisha. Akampandisha kijana kwenye kiti cha dereva, akaniambia mimi nikasimame nyuma. Watoto wa Luvungi waliokuwa wakitazama walipiga kelele: shofere ameshushwa! Mzee hakumruhusu kijana kuwasha injini. Alimwambia atazame vioo vyote viwili na kutaja asichokiona. Kisha nami nikaulizwa ninaona nini kutoka nilipo. Tulibadilishana hivyo mara kadhaa, tukapatana maneno: “kata”, “nyoosha”, “simama”. Na “simama” haina heshima ndani yake. Haina mkubwa, haina tafadhali, na dereva anayeisikia anakanyaga breki kwanza, kuuliza baadaye.

“Ukimnunia kijana kwa kukusimamisha,” mzee aliniambia tukila, “siku nyingine atanyamaza. Tela halirudishwi na mtu mmoja.”

Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange, kwenye barabara hii hii yetu, kusini mwa Luvungi. Watu walikimbilia kuchota mafuta, wengine walikuwa kwenye vibanda wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 230. Bonde zima lilizika. Baada ya hapo hakuna dereva ninayemjua aliyeendelea kuona konvoyeri ni mtu wa gogo tu. Gari la mzigo likianguka, dereva anaweza kuwa amebanwa ndani. Mwenye sauti ya kufukuza watu na kuzima jiko la mama muuza maandazi pembeni ni yule mwingine, naye lazima awe amekwisha kuzoea kusikilizwa.

Kazi za konvoyeri zikaongezeka. Tela hatukulipandisha Ngomo kwenye njia ya Bukavu, kwa sababu ya kona zile za mlimani juu ya Kamanyola. Mzigo wa Bukavu ulipitia Rwanda, kwa Bugarama. Kwenye mteremko wa huko konvoyeri alikaa dirisha wazi, akinusa. Breki zikipata moto zina harufu yake kabla hazijalegea, nasi tulishuka kwa gia ile ambayo tungepandia. Maji ya ziwa yalipopanda na kufunika njia Gatumba, yeye ndiye aliyetembea mbele, suruali imekunjwa, akitafuta kwa fimbo ukingo wa barabara ulipo. Nami nilifuata fimbo yake, mtu mzima na leseni yangu.

Kijana yule sasa ana tela lake la kuendesha. Hakungoja miaka ya kubeba gogo kama tulivyongoja sisi, alianza kugusa usukani uwanjani, tela likiwa tupu, siku ambazo hapakuwa na mzigo. Vita vilipofika Kamanyola mwaka 2025 na barabara kukatika, matela mengi yalilala Uvira, na madereva wakapata muda mwingi wa kufundisha.

Bado wako wazee wa zamani wanaosema vijana wa siku hizi wameharibika, kwamba konvoyeri anamkemea dereva mbele za watu. Ni kweli, anamkemea. Akija kwangu kijana kuomba kazi, simtazami mabega. Namweka nyuma ya tela, narudi vibaya kwa makusudi kuelekea ukutani, nasikiliza. Akiniita mkubwa mara mbili kabla ya kusema “simama”, namshukuru na kumpa nauli ya kurudi kwao.